Neno "sugar" lilianzia kwenye changarawe

Ukimuuliza mtu neno letu "sukari" limetoka wapi, jibu la haraka huwa ni Kiingereza: ni "sugar", likatiwa irabu mwishoni kama tulivyofanya kwa "basi" na "benki". Jibu hilo halisimami, na huhitaji kamusi kuliangusha. Waingereza hutamka "sugar" kwa sauti ya "sh" mwanzoni na "g" katikati. Tukilikopa neno hilo kwa sikio tunapata "shuga", na kweli tumelikopa: ndilo lililomo ndani ya "shugamami" na "shugadedi". Wachewa wa Malawi na Washona wa Zimbabwe, ambao neno lao limetoka kwa Waingereza, husema "shuga" waziwazi. Sisi tunasema "sukari", kwa "s" na "k". Mganda anasema "ssukaali", Mnyarwanda "isukari". Kwa hiyo "sukari" si mtoto wa "sugar". Hawa ni ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali, na ukiwaweka pamoja unaweza kuifuata njia ya neno la Kiingereza mpaka India, ambako mwanzoni halikuwa na utamu wowote. Lilimaanisha changarawe.

Katika maneno ya kujifunzia kazi ya kutafuta asili, hili ni bora kuliko mengi, kwa sababu karibu kila lugha lililopitia imeliachia alama inayoonekana: irabu moja hapa, konsonanti maradufu pale, kipande cha sarufi kilichonasa mwanzoni. Tatizo ni kwamba mojawapo ya alama hizo inadanganya, na ndiyo inayovutia kuliko zote. Tutaifikia.

Tahajia kongwe kwanza

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kulichukua neno lilivyo leo, kulitafutia linalofanana nalo katika lugha nyingine, kisha kuchora mshale kutoka moja hadi jingine. Mfanano hukupa swali tu. Kinachotakiwa kwanza ni maumbo ya zamani yaliyoandikwa, kila moja na tarehe yake. Kwa Kiingereza sehemu kubwa ya kazi hiyo imekwisha kufanywa. Oxford English Dictionary hupanga mifano ya matumizi kwa miaka, kuanzia wa kale kabisa; na Middle English Dictionary ya Chuo Kikuu cha Michigan, inayoshughulikia miaka ya 1100 hadi 1500 hivi, inasomwa bure mtandaoni. Ukifungua, usikimbilie maana. Nenda kwenye orodha ya tahajia.

Kwa "sugar" utaona neno linaanza kuonekana Uingereza mwishoni mwa karne ya 13. Kiingereza cha kale hakikuwa na jina la sukari kabisa. Kitu kitamu kilikuwa asali. Maumbo ya mwanzo ni "sugre", "sucre", "zucre", "suger" na mengine ya ukoo huo. Mshairi Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, aliandika "sugre". Hapo yapo mambo mawili ya kushika. Neno linaishia "-re", na baadhi ya maumbo yana "c" inayosomwa "k". Kifaransa cha karne ya 12 kilikuwa na "sucre", na tangu 1066 Uingereza ilitawaliwa na Wanormandi waliosema Kifaransa. Vyakula vya kifahari na bidhaa za ng'ambo vikaingia na majina ya Kifaransa. Hatua ya kwanza imepatikana bila kubahatisha: tunajua lugha iliyokopa, lugha iliyokopesha, karne, na watu waliolibeba neno. Hatua isiyo na vitu hivyo vinne haijakamilika, hata kama inapendeza kuisimulia.

Sasa sauti. "K" ya Kifaransa ilikuwaje "g" ya Kiingereza? Wataalamu hulilinganisha na "flagon", jina la chupa kubwa ya mvinyo, lililotoka kwenye "flacon" ya Kifaransa. Mwenzi mmoja ni ushahidi mwembamba, nami nisingeujengea nyumba. Lakini hauhitaji kubeba mzigo mzito, kwa sababu maumbo ya "c" na ya "g" yameandikwa bega kwa bega katika maandishi ya zama zile zile. Yanaonyesha mabadiliko hata kama sababu yake ni dhaifu.

"Sh" ndiyo alama ya uongo niliyoitaja. Fikiria mtu anayejua kidogo kwamba neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ni "sharkara" na la Kiajemi ni "shakar". Akisikia Mwingereza akisema "shuga", atasema "sh" imesafiri salama kutoka India hadi London. Haikusafiri. Kifaransa kilikuwa na "s" tupu, na Kiingereza kilipokea "s" tupu. Irabu ya Kifaransa iliyofuata, ile "u" ya midomo iliyochongoka, Waingereza waliipokea kama "iu", hivyo neno likatamkwa takriban "siuger". "S" ikigusana na "i" fupi ya namna hiyo huteleza na kuwa "sh". Neno "sure", lililotoka kwenye "seur" ya Kifaransa, lilipata mageuzi yale yale: linaandikwa kwa "s", linatamkwa kwa "sh". Kufikia karne ya 17 matamshi yalikuwa yamehama na tahajia imebaki nyuma. "Sh" ya India ilipotea katikati ya safari, na "sh" ya Uingereza ilizaliwa huko huko Uingereza. Zimekutana kwa bahati tu.

Ndiyo maana maneno hufuatiliwa kwa kurudi nyuma hatua moja moja. Anayeruka kutoka Kiingereza cha leo hadi Kisanskriti atashika sauti isiyohusika na kuacha zinazohusika.

Irabu moja inayotenganisha njia mbili

Panga majina ya sukari katika lugha za Ulaya, kisha tazama irabu ya silabi yenye mkazo wa zamani. Kifaransa "sucre", Kiitalia "zucchero", Kihispania "azúcar", Kireno "açúcar", Kijerumani "Zucker", Kiholanzi "suiker", Kipolandi "cukier". Zote zina "u" au mtoto wa "u". Kisha njoo Kirusi: "sakhar". Kigiriki: "sakkharon" au "sakkhari". Kilatini cha kale: "saccharon". Hapa irabu ni "a".

Tofauti hii si ya bahati. Ni mawimbi mawili ya mkopo yaliyopishana kwa mamia ya miaka.

Wimbi la kwanza ni la karne ya 1 baada ya Kristo. Dioscorides, tabibu aliyeandika kwa Kigiriki, anaeleza kitu kiitwacho "sakkharon": aina ya asali iliyoganda, inayopatikana kwenye matete ya India na Arabia, inayovunjika menoni kama chumvi. Pliny wa Roma anasema hutoka Arabia lakini ya India ndiyo inayosifiwa, kwamba vipande vikubwa ni vya ukubwa wa njugu, na kwamba hutumiwa kwa dawa tu. Nasi wa Pwani tuna hati yetu katika wimbi hili. Periplus, mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Hindi ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne hiyo hiyo, unaorodhesha bidhaa zilizoletwa kutoka Barygaza, yaani Bharuch ya Gujarat, hadi bandari za pwani ya Somalia ya leo: ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba, na "asali ya tete iitwayo sakkhari". Kurasa chache mbele, mwongozo huo huo unafika Azania na Rhapta, kwetu.

Kishawishi ni kikubwa kusema kwamba "sukari" yetu imebaki tangu enzi hizo. Irabu inakataa. "Sakkhari" ingetupa "sakari", nasi tuna "u". Bidhaa ilipita karibu na pwani yetu mapema. Neno tulilonalo lilikuja baadaye, kwa wimbi la pili.

Wimbi la pili ni Kiarabu: "sukkar". Waarabu walilima miwa Misri, Shamu, Sisili na Andalusia, na Ulaya ikalisikia neno kwao kwa milango mbalimbali. Mlango wa Andalusia unajitambulisha wenyewe. Kihispania na Kireno vina "a" mbele, "azúcar" na "açúcar", ambayo ni "al" ya Kiarabu, kibainishi kinachofanya kazi ya "the" ya Kiingereza. Aliyesoma madrasa hataulizia "l" imekwenda wapi: "s" ni herufi ya jua, na mbele yake "al" humezwa, ikawa "as-sukkar", kama tusemavyo "as-salaam" na siyo "al-salaam". Watu wa Iberia, yaani Hispania na Ureno, waliokaa na Waarabu tangu 711, walilisikia neno ndani ya mazungumzo, na kibainishi chake. Kiitalia hakina kibainishi: "zucchero". Waitalia walilipokea kwenye biashara, kupitia Sisili na bandari za mashariki, ambako neno lilisimama peke yake kwenye hesabu za mizigo. Mpaka huu haumo kwenye "sukari" tu. Pamba, "qutn" kwa Kiarabu, ni "algodón" kwa Kihispania na "cotone" kwa Kiitalia. Unapoona alama ile ile kwenye neno la pili lisilohusiana na la kwanza kwa maana, unaweza kuanza kuiamini.

Kifaransa "sucre" hakina "a" ya mbele, kwa hiyo kiko upande wa Italia, pamoja na Kilatini cha zama za kati "succarum", na Kiingereza kimefuata. Hivyo "sugar" ilipita Kiarabu, Italia, Ufaransa, ndipo ikavuka kwenda Uingereza. Haikupitia Hispania. Makala nyingi za mtandaoni huandika "Kiarabu hadi Kihispania hadi Kiingereza" kwa sababu Hispania ndiyo inayokuja akilini. Herufi moja inatosha kuwasahihisha.

Mtu makini atauliza: Warumi walikuwa na "saccharon" muda wote huo, mbona Wafaransa hawakulirithi? Kwa sababu lilikuwa neno la vitabu vya tiba, jina la kitu kinachouzwa kwa punje kwa wagonjwa wachache. Maneno ya namna hiyo hayashuki kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu. Hulala kwenye karatasi. Hili la Kilatini lililala mpaka wasomi walipoliamsha. "Saccharine", kwa maana ya kitu cha asili ya sukari, iliingia Kiingereza katika miaka ya 1670. Linnaeus, mtaalamu wa mimea, aliuita muwa "Saccharum officinarum" mwaka 1753. Mwaka 1879 Constantin Fahlberg, akifanya kazi katika maabara ya Ira Remsen huko Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aligundua kemikali tamu ambayo baadaye ikaitwa "saccharin". Katika yote hayo irabu ni "a", kwa kuwa ni watoto wa wimbi la Kigiriki waliorudi kwa mlango wa maktaba. Naye mwanakemia wa Kiingereza William Miller alipotaka jina la sukari ya kawaida mwaka 1857, alichukua "sucre" ya Kifaransa na kuipa mkia wa kikemia: "sucrose". Irabu "u", wimbi la Kiarabu. Chupa mbili kwenye rafu moja la maabara, nasaba mbili.

Kutoka Kiajemi hadi Kiarabu

Kiarabu hakikulizaa neno. Kiajemi kina "shakar", na Wairani walikuwa wakilima miwa na kusafisha sukari katika nchi ya Khuzistan. Lakini "sh" kuwa "s" inahitaji kuelezwa, maana Kiarabu kina herufi ya "shin" tayari. Kwa nini isitumike?

Jibu lipo kwenye mikopo mingine ya zamani hiyo. Mji wa Nishapur huitwa Naysabur kwa Kiarabu. "Mushk" ya Kiajemi ni "misk" kwa Kiarabu, nasi tukapata "miski". Vazi la "shalvar" hulinganishwa na "sirwal" ya Kiarabu, iliyotupatia "suruali". Kila mahali "sh" ya upande wa Iran ni "s" upande wa Waarabu. Sasa "shakar" kuwa "sukkar" haishangazi tena. Kwa kazi hii ninahesabu wenzi watatu kuwa kima cha chini: mmoja ni bahati, wawili ni tetesi, watatu wakikubaliana unaweza kuandika kwa wino.

"K" maradufu na "u" zina maelezo ya namna nyingine. Kiarabu hupenda kuliingiza neno geni kwenye kalibu ambayo tayari kinayo, na kalibu ya "sukkar" ni ile ile ya "sullam", yaani ngazi: konsonanti, "u", konsonanti maradufu, "a", konsonanti. Neno geni likishaingia kalibu hiyo halionekani geni tena. Na hiyo "u" iliyopatikana hapo ndiyo iliyosambaa mpaka London, Warsaw na Kigali.

India: changarawe, vipande na donge

Kamusi ya Kisanskriti ya Monier-Williams ya 1899, ambayo nayo ipo mtandaoni, inatoa "sharkara" kwa maana za changarawe, kokoto, na kisha sukari ya punje. Katika vitabu vya tiba vya Kihindi neno hilo hilo ni jina la vijiwe vinavyotoka na mkojo. Ukiona neno lina maana ya kitu cha ardhini na maana ya kitu cha jikoni, maana ya ardhini ndiyo inayotangulia mara nyingi: watu hukiita kitu kipya kwa sura ya kitu walichokwisha kukijua.

Lakini hapa panatakiwa uangalifu ambao kamusi ndogo huuruka. Husemwa "kutoka Kisanskriti" kwa ufupi tu. Neno lililosafiri lilikuwa la mdomoni, na lugha za mdomoni zilikuwa za Kiprakriti na Kipali, ambazo humeza "r" iliyo mbele ya konsonanti na kuikaza konsonanti inayobaki. Ndivyo "dharma" ilivyo "dhamma" na "karma" ilivyo "kamma" katika maandiko ya Kibudha. "Sharkara" ikawa "sakkhara", nayo kwa Kipali inamaanisha changarawe na sukari pia. Sasa tazama "sakkharon" ya Kigiriki: haina "r" katikati, ina "k" mbili, na ina pumzi ya "kh". Wagiriki walilipata kwa wafanyabiashara na siyo kwa makuhani. "Shakar" ya Kiajemi nayo haina "r" hiyo. Njia zote mbili kuelekea magharibi zilianzia sokoni.

Kwa nini changarawe? Ili kulijibu lazima uwe karibu na sufuria. Maji ya muwa yana sukari ya asilimia 10 hadi 15 hivi, na yana uchachu kidogo, pH karibu 5. Ukiyachemsha hivyo hivyo, uchachu na moto huivunja sukari kuwa aina mbili nyepesi zisizopenda kuganda, na unapata uji unaonata. Wapishi huongeza chokaa kidogo kupunguza uchachu, povu chafu linapanda, linaenguliwa. Chokaa ikizidi, rangi inakuwa nyeusi na ladha inaharibika. Ukiendelea kuchemsha mpaka karibu nyuzi 118 za Selsiasi, kisha ukakoroga na kumimina kwenye vyombo, unapata donge gumu la kahawia lenye kila kitu ndani. Kupata punje ni kazi ya ziada: uji mzito upoe taratibu, fuwele zijijenge, kisha maji meusi yasiyoganda yachujwe. Kwa njia ya asili ya India, majani mabichi ya mimea ya majini yalitandazwa juu ya fuwele, unyevu wake ukashuka polepole na kuziosha. Kinachobaki kinakwaruza kiganjani kama changarawe iliyooshwa. Jina lilitolewa na vidole kabla ya ulimi.

Arthashastra, kitabu cha kale cha utawala, kinataja bidhaa za muwa kwa mfululizo: "phanita", "guda", "matsyandika", "khanda", "sharkara". Mwanzo ni uji, mwisho ni punje. Majina mawili ya katikati yanatuhusu. "Khanda" ni kipande. Kiajemi kikakichukua kuwa "qand", Kiarabu "qandi", Kiitalia na Kifaransa wakasema "zucchero candi" na "sucre candi", Kiingereza "sugar candy", na baadaye "candy" peke yake. Kwa hiyo katika "sugar candy" Mwingereza anasema, kwa maneno ya kale, "changarawe ya vipande".

Na "guda" ni mpira, donge. Kwa Kihindi cha leo ni "gur". Ndiyo "guru" ya "sukari guru" inayouzwa madukani kwetu. Tazama jina hilo lilivyoundwa: nusu ya kwanza imekuja kwa Kiarabu, nusu ya pili kwa wafanyabiashara Wahindi, na zote mbili zina mizizi India, moja ikiwa changarawe na nyingine donge. Kikemia "sukari guru" haina changarawe, kwa sababu haikuchujwa. Ni donge tupu. Lugha haikujali. "Sukari" ilikuwa imekwisha kuwa jina la utamu wenyewe. Huko India, kwa upande wao, sukari nyeupe huitwa "chini", yaani ya China, na sukari mawe huitwa "misri", kwa jina la nchi ya Misri. Neno lilitoka India likiwa la India, na bidhaa zikarudi zikiwa na majina ya wageni.

Ndugu aliyefika kwa meli ya Wareno

Kiingereza kina neno jingine ambalo Waingereza wengi hawajui kwamba ni pacha wa "sugar": "jaggery", ndiyo hiyo hiyo sukari guru. Liliingia katika miaka ya 1590. Njia yake haigusi Iran wala Uarabuni. Wareno walifika Calicut 1498, wakasikia katika pwani ya kusini-magharibi maumbo kama "sharkkara" na "chakkara" ya Kimalayalam, wakayafanya "jágara", na Waingereza wakalipokea kwao. Irabu ni "a", kama inavyotakiwa na neno lisilopita Kiarabu. Sauti ya mwanzo ni "j", ambayo haipo katika ndugu wengine wote, kwa sababu Wareno walisikia "ch" na "sh" za Kusini kwa masikio yao wenyewe.

Hapo tuna neno moja la Kihindi lililoingia Kiingereza kwa njia tatu: kwa Kiarabu na Kifaransa, kwa Kigiriki na Kilatini, na kwa Kimalayalam na Kireno. Ukipewa "sugar", "saccharine" na "jaggery" bila maelezo, huwezi kuzipanga kwa maana, maana zote ni tamu. Unazipanga kwa irabu na konsonanti, na zinajipanga zenyewe.

Kurudi kwa "sukari"

Kwa kipimo hicho hicho, tupime letu. "U" inasema Kiarabu. "S" inasema Kiarabu. Kama tungelichukua moja kwa moja kwa Wagujarati wa Zanzibar na Mombasa, wanaosema "sakar", tungekuwa na "a". Kilichobaki ni kazi ya Kiswahili chenyewe, na ni ya kawaida kabisa: "kk" inapungua kuwa moja, neno linaloishia "r" linapewa "i", na mkazo unahamia silabi ya pili kutoka mwisho. "Safar" ikawa "safari", "khabar" ikawa "habari", "sukkar" ikawa "sukari". Hatukukopa kibainishi, kwa hiyo hatuna "asukari" kama Wahispania.

Kusini, mpaka wa neno unaonekana hadi leo. Kizulu kina "ushukela" na Kitswana "sukiri", kutoka kwa "suiker" ya Waholanzi na Makaburu. Chewa na Shona wana "shuga". Bara la kwetu, kutoka pwani hadi Maziwa Makuu, ni "sukari" na jamaa zake. Ukizichora kwenye ramani unapata nani alifanya biashara na nani, bila kusoma kitabu cha historia.

Mtego mmoja zaidi, kwa sababu huwanasa hata wenye uzoefu. Kichina husema "shatang". "Sha" mwanzoni, sukari mwishoni, na zaidi ya hapo "sha" hiyo inamaanisha mchanga! Sauti inafanana na "sharkara", maana inafanana na changarawe. Lakini "sha" ni neno la Kichina cha asili la mchanga, na "tang" ndiyo utamu. Wajapani wakalichukua neno zima na kulisema "sato". Wachina waliona kitu kile kile kiganjani na kukiita kwa neno lao. Hapa maana na sauti vyote viwili vinafanana na bado hakuna undugu wa sauti, kwa hiyo usikubali "vinafanana mno" kuwa hoja, hata inapokuja na maana mkononi. Dai utaratibu wa sauti unaojirudia katika maneno mengine.

Anayetaka kujaribu mwenyewe aanze na nusu ya pili ya jina la mmea, "sugar cane". "Cane" ni "cane" ya Kifaransa cha kale, kutoka "canna" ya Kilatini, kutoka "kanna" ya Kigiriki, ambayo ilikopwa kwa lugha za Kisemiti. Kiakadi cha Mesopotamia kina "qanu", tete. Wagiriki kwenye "kanna" wakajenga "kanon", fimbo nyoofu ya kupimia, kisha kipimo, kisha sheria. Kiarabu kikalichukua: "qanun". Hatua zinazofuata, kutoka "qanun" hadi "kanuni", unazo tayari: "q" ya Kiarabu kwetu husomwa "k", na "n" ya mwisho hupewa "i" kama "r" ya "sukkar" ilivyopewa. Wenzi watatu wa kuthibitisha hayo utawapata bila kutoka nje ya Kiswahili.